Shukrani Niliyoipeleka Kiwandani

Zuhura, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hali yako sikuulizi. Asubuhi nimekusuka, nimeshika kila unywele wa kichwa chako. Najua uko mzima, na najua umenikasirikia, maana shingo ulikuwa umeikaza kama mbuzi anayevutwa kupelekwa sokoni. Umekwenda Musaga kumuaga shangazi yako, na mimi ndiye niliyekwambia ukae huko mpaka alasiri. Si kwamba shangazi ana hamu nawe kiasi hicho. Nilitaka nyumba ibaki tupu nipate kusema.

Anayeandika ni jirani yetu Mama Renilde. Mkono ni wake, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike vile ninavyotamka, asinipambe. Lakini amefundisha watoto wa watu miaka mingi na ana ugonjwa wa kunyoosha. Utakapoona mahali pamenyooka sana, ujue hapo amenishinda.

Alitaka tuanze na mambo ya safari: pasipoti, koti la baridi ya Nairobi, wavulana. Nimekataa. Mzigo umeshaufunga, na wavulana una macho ya kuwaona. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka sita, na juzi Alhamisi limenirudia kupitia redio.

Alhamisi uliitwa kwenye kiwanda cha sabuni ukatoe shukrani kwa ile burusi, hizo pesa za masomo walizokupa. Ukanijia na kitenge changu cha sherehe mkononi, ukasema, "Bibi, wamesema tukuje na mzazi. Mi nina nani mwingine?" Nikakujibu mguu unauma. Ukauangalia mguu. "Bibi, si ni we ulinifunza, mutu akikupa kitu unarudi kumwambia asante? Leo mguu?" Ukaenda peke yako.

Jioni, saa ya habari, nikakusikia. Sauti yako ni nzuri, Zuhura, haina tetemeko. Umemshukuru mkurugenzi kwa kuwakumbuka yatima wa Buyenzi, ukasema kiwanda kile ni baba yetu sote. Ulipomaliza ikaingia sauti yake. Akasema anaiomba serikali iamuru mafuta yote ya mawese yanayotoka Rumonge yapitie kwanza kiwandani kwake, kwa kuwa akina mama wa mitaani wanayachafua. Na watu wa Buyenzi, akasema, mmewasikia wenyewe, wako pamoja nasi.

Uliporudi uso wote ukiwaka, ukaniuliza, "Bibi, umenisikia?" Nikasema betri zimekwisha.

Betri ni mpya, mwanangu. Na mguu huu hauna ugonjwa wowote. Unaniuma kila nikiwa na aibu, na ulianza kuniuma majuma machache kabla mama yako hajafa.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliambiwa mama yako aliuawa na vita kwenye barabara ya kusini, kama walivyouawa wengi. Ni kweli tupu. Lakini hukuniuliza alikuwa anafuata nini kwenye barabara ile, na mimi nimemshukuru Mungu kila siku kwamba hukuuliza. Leo nakujibu bila kuulizwa.

Unaikumbuka miaka ile ya vikwazo, majirani walipotufungia mipaka. Petroli iliuzwa kwenye chupa za bia, sukari ikawa hadithi. Kostike, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, ikawa haipatikani Bujumbura nzima isipokuwa kwenye kiwanda kile, kwa sababu walikuwa na karatasi ya ministeri, yaani ya wizara, ya kuiingiza wao tu. Sisi akina mama tuliozoea kupika sabuni nyuma ya nyumba tukabaki na mapipa matupu. Na sabuni ya kiwanda bei yake ikawa inapanda kila ukilala ukiamka.

Mama yako ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameona zamani sabuni ya majivu ikipikwa kwa bibi mmoja wa Buterere, akakumbuka. Akaanza kukusanya maganda ya ndizi mtaa mzima, anayaanika juu ya bati, na wewe kazi yako ilikuwa kufukuza mbuzi. Yakikauka anayachoma. Majivu anayatia kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamwagia maji, yanadondoka taratibu, rangi ya chai. Anayaonja kwa ncha ya ulimi. "Yameniuma, Mama. Yako tayari." Kisha mawese kwenye nusu pipa, moto, na kukoroga mpaka bega life ganzi.

Sabuni yenyewe ilikuwa mbaya kuitazama, nyeusi, kama donge la udongo wa mtoni. Lakini ilitoa grisi. Babu yako na mafundi wote wa magari wa hapa mtaani hawakutaka nyingine. Masista wa zahanati walituma mtu kila Ijumaa. Wanajeshi walikuja kununua. Mama yako akawafundisha akina mama wengine bila kuficha kitu, na kabla ya mwaka kuisha barabara yetu nzima ilikuwa inanuka moshi wa maganda ya ndizi, na kwenye maduka sabuni ya kiwanda imekaa inapigwa na vumbi.

Hapo ndipo walipotuona. Mimi sikujua kwamba wametuona.

Babu yako Shabani akafa katikati ya hayo. Moyo. Dawa yake ilikuwa upande wa pili wa mpaka. Siku ya tatu ya matanga likasimama gari zuri mlangoni, akashuka mkurugenzi wa kiwanda, amevaa kofia nyeupe iliyofumwa ingawa si Mwislamu, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka na wanaume wengine, akanywa kahawa yetu bila kukunja uso. Nyuma yake dereva anashusha mchele, katoni za sabuni, na gunia la sukari. Sukari, Zuhura! Matanga yote yalinyamaza. Hata waliokuwa wanalia walisimama kidogo.

Wanawake wakanong'ona kwamba kumbe Shabani alikuwa mtu mkubwa, na sisi tulikuwa tunamwona na ovaroli lake tu. Mama yako peke yake akanivuta jikoni.

"Mama, huyu Baba alimujua wapi?"

"Labda alimtengenezea gari."

"Baba alitengeneza gari za watu wenye wanasukuma. Huyu gari yake hata haijalala inje siku moja."

"Nyamaza. Utamuomba mtu wa matanga kitambulisho?"

Basi, arobaini ikasomwa, na eda yangu ikaisha. Na desturi yetu unaijua: arobaini ikishasomwa wafiwa wanazunguka kuwashukuru waliokuja. Nyumba kwa nyumba, hata kwa yule aliyeleta mzigo mmoja wa kuni. Usipofanya hivyo watu watasema umemzika mtu wako kama mwizi. Nikawamaliza wote, akabaki yule bwana. Nikamtumia neno kwamba nitafika nyumbani kwake. Jibu likaja na dereva: mkurugenzi anasema mama asijisumbue kwenda peke yake, aje kiwandani na wenzake wote, lori litawachukua.

Unaona? Mtu amekuja kwenye msiba wangu na gari moja, shukrani yangu anaitaka kwa lori. Leo naliona. Siku ile niliona heshima. Nikawakusanya akina mama, tukakata kitenge kimoja wote, tukajipaka hina. Mama yako akasimama mlangoni, mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko.

"Mama, asante ya mutu mumoja inatosha. Lori ni ya nini?"

Nami nikamjibu mbele ya wote, wamekwisha panda, wanatazama: "Hivi wewe umezaliwa na mimi au na kostike?"

Wakacheka, wakapiga mapaja. Mama yako hakucheka. Akarudi kwenye pipa lake. Mzaha ule ulikuwa mtamu sana kinywani mwangu siku ile.

Kiwandani tukapewa viti na fanta. Akaja kijana mmoja wa redio na mashine yake ya kaseti, akaniwekea kile kidude karibu na meno. "Mama, akina mama wa Buyenzi wanasema nini?" Zuhura, mimi maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Shuleni sikupita hata kuomba maji. Jina langu siwezi kuliandika, ukiniletea karatasi naigeuza juu chini. Na leo nimeketi kwenye kiti cha mto, mtu anataka kujua ninasema nini. Kichwa kikanivimba.

Nikashukuru kama tunavyoshukuru, kwa mdomo uliojaa. Nikasema huyu bwana ni mtoto wetu, amekunywa kahawa ya msiba wetu. Nikasema lolote atakaloliomba kwa wakubwa, sisi akina mama wa Buyenzi tuko nyuma yake. Wenzangu wakapiga vigelegele.

Mama Renilde hapa ameweka kalamu chini, ananiuliza kama nilijua bwana yule anaomba nini kwa wakubwa. Sikujua. Sikuuliza. Ningeulizaje, nimekwenda kushukuru? Lakini hilo naweza kujisamehe. Lisilonitoka ni lile neno "sisi". Ningesema mimi, Mama Mwajuma, nashukuru kwa mchele na sukari ya matanga ya mume wangu, ningekuwa nimesema kweli na maneno yangu yangekuwa hayana kazi kwa mtu yeyote. Nilisema sisi. Niliwachukua wenzangu, na mama yako ambaye alikuwa nyumbani anakoroga, nikawaweka wote mfukoni mwa yule bwana, kisha nikanywa fanta.

Haikupita muda amri ikatoka. Ni marufuku kutengeneza wala kuuza mjini sabuni isiyo na muhuri, kwa ajili ya afya ya raia. Muhuri unatolewa kwa mwenye kiwanda. Polisi wakaja na watu wa komini, wale wa serikali ya mtaa, wakabeba mapipa. Pipa la mama yako walilimwaga hapo uani, likiwa bado la moto. Kuku wetu mmoja akakanyaga akafa, na yule polisi akaniambia, "Unaona, mama? Ni sumu." Kana kwamba kuku akikanyaga supu ya moto anapona.

Mama yako akavaa vizuri akaenda Rohero, kwenye ministeri, kuuliza ni nani aliyeungua na sabuni yetu, aonyeshwe hata mmoja. Alirudi saa nane. Akakaa kizingitini, hakuvua viatu.

"Mama, nimekukuta kule."

"Wapi?"

"Ku ministeri. Uko ndani ya kaseti. Wamenifungulia nikakusikiliza mpaka mwisho, na vigelegele. Halafu yule afisa ananiambia, mama yako amekubali, we ni nani?"

Ningemwomba radhi saa ile, mwanangu, pengine leo ningekuwa nakusuka mbele yake. Badala yake nikasema, "Kwa hiyo mimi ndiye adui?" Akaniangalia, akaingia ndani. Tulipikia jiko moja juma zima bila kusemeshana, wewe ukiwa katikati unapeleka maneno. "Mama anasema chumvi iko wapi." "Mwambie iko pale pale." Ulifikiri ni mchezo.

Yeye hakukaa kulia. Mikutano ilikatazwa kwa sababu ya vita, watu watano wakisimama pamoja wanaulizwa. Basi akasema hatutakwenda pamoja. Atakwenda mwanamke mmoja kwa siku, peke yake, kama mtu mwenye shida zake. Ataingia kwa yule afisa na kipande cha sabuni kwenye kitambaa, na atauliza swali lile lile: ni nani aliyeungua? Akijibiwa arudi kesho, anaondoka kwa adabu. Kesho anakwenda mwingine.

Jioni walikuwa wanakutana kisimani na ndoo zao kusimuliana, na mimi nasikiliza nyuma ya ukuta. Plantoni, yule mlinda mlango wa ofisi, alichoka kabla ya bosi wake.

"We mama, jana si ulikuwa hapa?"

"Apana, baba. Mi ni mara yangu ya kwanza."

"Na juzi?"

"Juzi nilikuwa nafua."

"Nyinyi wanawake wa Buyenzi munafanana!"

"Ni sabuni, baba."

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Pia walikubaliana mambo mengine, kwamba sabuni ya kiwanda haiingii nyumba yoyote ya barabara yetu, na kwamba gari la kiwanda likija kwenye msiba linapokewa kwa maneno mazuri na mzigo unarudi nalo. Walikuwa maskini, tena wakati wa njaa, na mzigo ulirudi. Niliona mchele unarudishwa, Zuhura, na watoto wanautazama.

Mimi nilipewa zamu kama wengine. Mama yako ndiye aliyeipanga, hakuniruka. Zamu ya kwanza nikasema mguu unauma. Ya pili, mguu. Wenzangu wakasema pole, wakampeleka mtu mwingine. Niliogopa yule afisa atafungua kaseti mbele yangu, nijisikie. Hilo tu. Sikuogopa polisi wala risasi, nimeona za kutosha. Niliogopa sauti yangu.

Na huku tumbo halingoji ministeri ijibu. Amri ilikuwa ya mjini tu, huko kusini haikufika. Kwa hiyo mama yako akawa anapika kwa siri nyumbani kwa shangazi yako Musaga, anapakia sabuni kwenye taksi-basi, anashuka nayo Kabezi na mbele zaidi, kwenye masoko ya huko. Kabla ya amri ile mama yako hakuwa na haja ya kupita Musaga hata siku moja. Mawese yalimfuata hapa, wateja walimfuata hapa. Hilo ndilo jibu la swali ambalo hukuuliza.

Asubuhi ile alinikuta nachambua mchele. Tulikuwa tumeanza kusemeshana kidogo, maneno ya nyumbani tu. Alikuwa amebeba karai kichwani, amefunga kanga kiunoni.

"Mama, kesho ni zamu yako. Utaenda?"

"Mguu unauma."

"Mguu gani, Mama?"

Nikamwonyesha wa kulia. Zamu zilizopita nilikuwa nimewaonyesha wa kushoto. Akacheka. Kile kicheko chake cha puani. Hakuwa na hasira tena, nakuapia, alicheka kama mtu anayemcheka mtoto wake. Akasema, "Basi nikirudi tutaukanda." Akaenda.

Walilisimamisha basi baada ya Kabezi. Wenye bunduki ni nani, wa upande gani, kila mtu ana jibu lake na mimi sina. Waliokufa waliletwa kesho yake kwenye lori la jeshi. Nilimwosha mwenyewe, sikumwachia mtu. Kwa sabuni yake.

Gari la kiwanda likaja siku ya tatu, kama ilivyo kawaida yao. Wenzangu walilirudisha, mimi nikiwa nimelala sijui usiku wala mchana. Hakuna hata mmoja aliyenitajia lori letu la shukrani, mpaka leo. Wananiita Mama Mwajuma, asubuhi na jioni, sokoni na msikitini, wananiita kwa jina lake, na hawajui kila mara wananifanya nini.

Usidhani tulishinda. Mipaka ilifunguliwa, kiwanda kikapata biashara nyingine za faida, polisi wakachoka, na sabuni nyeusi ikarudi sokoni kimya kimya. Lakini ile amri hakuna aliyeifuta. Iko kwenye kabati la mtu huko Rohero, imelala. Na sasa wanataka kuipatia mdogo wake, ya mawese, na wa kuisemea wamempata tena nyumba ile ile.

Huko nako nimekosa mimi, si wewe. Ulipokuja na kile kitenge ningekuketisha nikuambie yote haya, ungekwenda unajua. Ningekwambia sema ninashukuru, usiseme tunashukuru. Nikaona aibu, nikautanguliza mguu. Mama yako nilimkosea kwa kusema sana, wewe nimekukosea kwa kunyamaza.

Burusi sikwambii uirudishe. Usinielewe vibaya. Nenda ukasome hiyo kemia. Yale ambayo mama yako aliyajua kwa ncha ya ulimi, wewe uyajue na majina yake. Yule bwana wala simwiti shetani. Huenda alikuonea huruma kweli, ana mabinti wa umri wako. Lakini siku ya kukuonea huruma alikuja na mtu wa redio.

Leo ni Jumamosi. Kesho alfajiri unapanda basi. Jumatatu mimi nakwenda Rohero, Mama Renilde atanishika mkono kwenye ngazi. Nitaingia kwa afisa, sijui kama ni yule yule, na nitamwambia: mimi ndiye mwanamke wa kwenye kaseti. Nilikwenda kiwandani kushukuru kwa matanga ya mume wangu. Amri sikuiomba, na wenzangu hawakunituma. Wakinifungulia nitaisikiliza. Mama Renilde anasema wanaweza kunitupa nje. Watanitupa wapi, mimi nimekwisha kuwa nje tangu nizaliwe.

Kuna kitu nataka kukuomba, na nimekizunguka barua nzima kwa sababu ni kizito. Unajua kuandika, mimi sijui. Ningependa niende na karatasi yenye mkono wako, maneno machache: kwamba wewe Zuhura binti Mwajuma umeshukuru kwa masomo yako, na juu ya mawese hujasema lolote, wala Buyenzi haikukutuma.

Sikufichi: wakiiona karatasi hiyo wanaweza kuikata burusi, ukajikuta huko Nairobi huna wa kukulipia. Mimi sina. Nimepiga hesabu ya kila kitu humu ndani, na kitanda nimekihesabu, haifiki. Kwa hiyo sikuamrishi. Nimeshamtuma binti mmoja kwenye barabara mbaya kwa ajili ya mdomo wangu, wa pili simtumi. Usipoandika nitakwenda na kinywa changu, jina lako sitalitaja, na wewe utaondoka na radhi zangu zote, kamili, bila kupunguzwa hata punje. Ukiwa umenichukia pia utaondoka nazo. Hizo hazina masharti ya kiwanda.

Na kesho alfajiri tusilizungumze. Nitakukaangia maandazi, tutasema habari za basi.

Ukurasa wa mwisho wa barua hii Mama Renilde ameuacha mweupe. Ukiuandika, uweke chini ya birika, nitauona. Usipouandika, ukunje uende nao. Utauhitaji huko, siku utakayotaka kuniandikia.

Bibi yako,
Mama Mwajuma